Siku Hamsini za Kunong'ona

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema ili asije mtu akamtupia lawama Mjomba Duran, maana mzee yule alishatupiwa za kutosha.

Mimi ndiye niliyesimama katika mkahawa wa kijiji cha Sazlıdere, mbele ya wanaume arobaini na glasi zao za chai, nikachora sikio kubwa nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. "Kihisi hiki," nikawaambia, "ni kama sikio tunalolifukia ardhini. Kwa siku sitini tunaomba tu mtusaidie lisikie vizuri. Utulivu, basi." Nilijiona nimesema la maana kabisa. Miaka kumi na mmoja nimesomea na kufanya kazi ya kupima mitetemo ya ardhi, na siku ya kuwaeleza watu kazi yangu nikaishia kuchora sikio.

Huku bonde la Menderes tunapata umeme kwa mvuke unaotoka chini ya ardhi. Lakini mvuke hauji peke yake. Unapanda na hewa ukaa, na kwa miaka yote kiwanda chetu kilikuwa kikiiachia hewa hiyo bombani iende zake angani. Mwaka ule tulipata ruhusa ya kujaribu jambo jingine: kuichanganya na maji na kuirudisha chini kwa pampu, kwenye kisima kilichochimbwa nyuma ya Sazlıdere. Ruhusa ilikuwa na masharti. Vihisi vinane vizunguke kisima, vipime kama ardhi inatikisika kwa sababu ya hicho tunachokisukuma. Taa ya kijani, endelea. Ya njano, kaa macho. Ya nyekundu, pampu inazimwa na mnapewa siku kumi mueleze kimetokea nini. Mkishindwa kueleza, jaribio limekufa. Hewa inarudi bombani, na mimi Nurten niliyelipigania jaribio lile kwa miaka minne narudi mjini Denizli kumsaidia baba yangu kupiga pasi suruali za watu.

Kihisi cha sita ndicho kilichokuwa karibu zaidi na kisima, kwa hiyo chenyewe peke yake kiliweza kuwasha nyekundu. Kilitaka mwamba mgumu, na mwamba ulikuwa katikati ya kijiji. Nilipowauliza wanaume wale nani atatupa uwanja wake, kila mmoja aligundua kwamba chai yake imepoa.

"Bi Mhandisi, mtatuletea tetemeko," akasema mmoja.

"Tena mwenye uwanja ndiye wa kwanza atakayeangukiwa na paa lake," akadakia mwingine.

Hapo ndipo mlango uliposukumwa na fimbo. Akaingia mwanamke wa miaka sabini na minane, mfupi, kilemba cheupe, katika mkahawa ambao sijawahi kuona mwanamke mwingine wa kijiji akikanyaga. Miguuni alivaa mitalawanda, vile viatu vya mbao vya kizamani, na kila hatua yake ilisikika ko, ko, ko sakafuni. Wanaume wakakaa sawa kwenye viti vyao.

"Nimesikia mnaogopa chombo kisichozidi chungu cha maharage," akasema.

"Dada Saniye, si chombo, ni tetemeko."

"Tetemeko la mwaka ule lililoniangushia jiko nani alilileta? Mama yako?" Watu wakacheka. Akanigeukia. "Binti, hiyo hewa mlikuwa mnaitoa chini na kuimwaga juu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na sasa mnataka kuirudisha mlikoitoa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi chimba uwanjani kwangu. Mtu akitoa godoro nje si hulirudisha ndani? Mumeo hakufundishi?"

"Sina mume, Bibi."

"Hilo tutalizungumza siku nyingine."

Nikafukia kihisi cha sita uwanjani kwa Bibi Saniye, hatua chache kutoka ukuta wake, na nje ya ukuta huo ndipo palipo kinu cha jiwe cha kijiji. Jiwe lile nililiona. Ni kubwa kama meza, lina shimo katikati, na mvua ilikuwa imeacha maji ndani yake. Nilidhani ni la kunyweshea mbuzi. Mimi ni mtoto wa fundi cherehani wa mjini, kwa hiyo msinicheke sana.

Pampu ikawashwa mwanzoni mwa Agosti. Kila baada ya siku tatu nne nilikwenda kijijini kukagua betri, na kila nilipokwenda niliona mambo. Mwenye mkahawa alikuwa amehamisha redio yake nyuma jikoni. Punda wa njia ya mtoni alivuliwa kengele. Watu walisalimiana kwa mkono kifuani bila sauti, na mwanamke mmoja nilimkuta akimgombeza mwanawe kwa kunong'ona, kitu ambacho sikujua kinawezekana. Ilyas, mjukuu wa Bibi Saniye, kijana mwenye mabega mapana ambaye bibi yake alimlea tangu wazazi wake wafariki, alinifungulia lango huku ameweka kidole mdomoni.

"Ilyas, mnaweza kuongea kama kawaida," nikamwambia.

"Tusije tukaharibu, dada," akanong'ona. "Bibi katutishia fimbo."

Nikacheka, nikaendelea na betri yangu. Ilinipasa niwakusanye siku ileile na kuwaambia kwamba kihisi hakina haja na redio wala kengele za punda, kwamba kinachokihusu ni ardhi kutikisika. Sikufanya hivyo, na nitasema ukweli kwa nini. Nilikuwa naona raha. Nilitoka kwenye ofisi ambako hakuna anayenisikiliza, nikafika mahali ambapo kijiji kizima kimeshusha sauti kwa sababu ya mchoro wangu.

Kitu kingine nilichokiona ni ile mitalawanda. Ilikuwa imepangwa nje ya lango la uwanja, pamoja, kama tunavyoacha viatu mlangoni kabla ya kuingia nyumbani. Bibi Saniye alitembea uwanjani kwake kwa soksi za sufu juu ya kokoto. Nikajisemea labda ni usafi wa wazee, nikavua vya kwangu pia kwa heshima, nikaumia nyayo na sikuuliza.

Siku moja alinipa tini na habari: Ilyas anaoa, Jumamosi ya wiki ya nane ya jaribio letu.

"Mashallah! Na keşkek itakuwepo?" nikauliza. Harusi ya huku bila keşkek si harusi. Ni ngano na nyama zilizopikwa usiku kucha na kupondwa mpaka zikashikana, kitu cha jamaa moja na bokoboko.

"Itakuwepo. Ngano nimenunua dukani, imekwisha kutwangwa," akasema, akatazama pembeni.

Sikuelewa. Nilidhani ngano ni ngano.

Siku ya arobaini na tatu, Alhamisi, saa kumi jioni, kihisi cha sita kikawasha nyekundu.

Nilikuwa chumba cha mitambo. Pampu ikajizima yenyewe. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mitetemo midogo, ya juujuu, mingi, yote karibu kabisa na kisima. Ndiyo picha ileile ambayo wapinzani wa jaribio walikuwa wakiisubiri. Kabla sijamaliza kuitazama simu ililia. Alikuwa Bwana Tahsin wa tume ya leseni, Ankara, mtu anayeongea kama anasoma barua.

"Bi Nurten, nimeiona. Una siku kumi."

"Bwana Tahsin, naamini si chini ya ardhi. Ni kitu cha juu."

"Kitu gani?"

"Sijui bado."

"Basi ni ardhi, mpaka utakapojua."

Asubuhi yake nikawa Sazlıdere. Nilizunguka kutoka trekta hadi trekta: nani alipita wapi, nani alichimba, nani aliangusha mti. Hakuna. Bibi Saniye hakuwepo siku ile ya tukio, kila Alhamisi huwa sokoni Sarayköy. "Muulize Duran," akaniambia, "yeye ndiye mwenye kukaa ukutani hapo kutwa nzima kama paka."

Mjomba Duran ni mdogo wake, mpiga ngoma wa harusi zote za bonde letu, mwenye masharubu makubwa na kiuno kibovu. Nilimkuta yeye na vijana wanne, Ilyas akiwa mmojawao. Ilyas alikuwa amefunga vitambaa viganjani. Nikadhani ni pamba, msimu wa kuchuma ulikuwa umeanza.

"Mjomba, jana saa kumi kulikuwa na kelele yoyote hapa?"

"Kelele?" Akaweka mkono kifuani kana kwamba nimemtukana. "Bi Mhandisi, wallahi, hata kukohoa hatukukohoa."

"Hakuna sauti kabisa?"

"Hata inzi aliruka kwa adabu."

Vijana wakaitikia kwa vichwa, macho chini. Na kwa kweli hawakusema uongo. Nililiuliza swali la sikio, nikapata jibu la sikio.

Siku zikaenda. Nilizipitia rekodi za kihisi mpaka macho yakaniuma, sikupata kitu cha kumpelekea Bwana Tahsin. Siku ya saba baada ya nyekundu, siku ya hamsini ya jaribio, nilikubali moyoni kwamba tumeshindwa. Kilichobaki ni kwenda kumwambia Bibi Saniye kwamba uwanja alioutoa mbele ya kijiji kizima hautatusaidia, na kwamba hewa itarudi bombani juu ya paa lake. Na mimi, mwoga wa kupindukia, nikachagua kwenda Alhamisi. Nilijua atakuwa sokoni. Nilipanga kuchukua kadi ya kumbukumbu, nimwachie Ilyas salamu, niondoke kabla fimbo haijarudi.

Nikaacha gari barabarani, nikaja kwa miguu kupitia shamba la makomamanga. Nilipokaribia ukuta nilihisi kitu kwenye nyayo. Dum. Kisha tena, dum. Sikio langu halikusikia chochote cha maana, ila miguu yangu ilijua.

Nikachungulia kwenye kona.

Vijana wanne walikizunguka kinu cha jiwe, mashati yamelowa, nyundo za mbao kubwa kama vichwa vya ng'ombe mikononi mwao. Zilipanda na kushuka kwa zamu ndani ya ngano iliyolowekwa, ambayo ilimeza mlio wote. Mbele yao Mjomba Duran alitembea na kurudi, mikono hewani, akipiga ngoma isiyokuwepo. Mdomo wake ulikuwa ukihesabu bila sauti. Ngoma yenyewe ilikuwa chini ya mti wa tini, imeviringishwa katika mablanketi mawili na kufungwa kamba, na zumari limechomekwa pembeni kama kijiko.

Macho yalinitoka pima.

"Mjomba!"

Duran akaruka. Akaweka kidole mdomoni haraka, akanijia akichechemea. "Taratibu, binti, taratibu," akanong'ona, akionyesha upande wa kihisi. "Litasikia!"

"Mnafanya nini?"

"Tunatwanga ngano ya Ilyas. Usimwambie dada yangu, atanimaliza. Kakataza. Kasema mpaka siku sitini zenu ziishe hakuna kutwanga, ananunua ya dukani. Ya dukani! Kwa mjukuu mmoja aliyebaki naye duniani!" Masharubu yalikuwa yakimtetemeka. "Mimi nimepigia ngoma ngano ya kila harusi kijiji hiki tangu nina miaka kumi na sita. Nikasema nitawafundisha hawa polepole, maana hawajui, wanajua simu tu. Alhamisi iliyopita mara ya kwanza, leo mara ya pili. Ngoma nimeifunika, vijana nimewakataza hata kupumua kwa nguvu. Tumelinda sikio lako kama yai, Bi Mhandisi."

Nikakaa chini kwenye udongo. Nilianza kucheka, na katikati ya kicheko nikajikuta nalia, na Ilyas akaja na glasi ya maji akidhani nimeugua.

Simu ikalia mfukoni.

"Bi Nurten," alisema Bwana Tahsin, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya barua. "Pampu yenu imezimwa?"

"Imezimwa tangu wiki iliyopita."

"Hakuna kinachosukumwa chini?"

"Hata tone."

"Basi kwa nini namba sita imerudi nyekundu?"

Nikafuta pua kwa mkono wa shati. "Bwana Tahsin, usiondoke kwenye kioo chako. Mimi niko hatua kumi kutoka kwenye kihisi. Niambie unachokiona." Nikamgeukia Duran. "Mjomba, fungua ngoma."

"Nini?"

"Fungua ngoma. Piga. Nao watwange."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti yote uliyonayo."

Akanitazama kama ninaota. Kisha akaiendea ile ngoma, akaifungua kamba, akaitoa kwenye mablanketi taratibu kama anamwamsha mtoto. Akaivaa begani. Pigo la kwanza lilipotoka, mbwa wote wa Sazlıdere walibweka, na madirisha yakafunguka huku na huko. Vijana wakanyanyua nyundo. Zamu hii walijua wanakokwenda. Nyundo zikafuata ngoma, zikanyamaza pale ngoma iliponyamaza, zikaanza upya.

"Naona," akasema Tahsin. "Zinakuja. Moja. Mbili. Tatu..." Akahesabu mpaka tisa. "Zimetulia. Sasa tena. Moja, mbili..." Tena tisa. Nikasikia kiti chake kikisogea. "Ngoja nifungue rekodi ya Alhamisi iliyopita." Nikamsikia akibofya, akihesabu kwa kunong'ona. "Bi Nurten, na hii nayo ni tisa. Tisa, kituo, tisa, kituo. Hukuhesabu?"

"Sikuhesabu, Bwana Tahsin. Niliangalia ukubwa na kina. Kuhesabu sikuhesabu."

"Mimi ni mtoto wa Muğla," akasema. Muğla ni jirani zetu, na wanaume wa huko hucheza ngoma ileile ya wanaume wa huku, nzito, ya mapigo tisa, mikono imefunguliwa kama mbawa. "Hilo si tetemeko la ardhi. Hiyo ni zeybek." Kisha yule mtu, Mungu ampe umri mrefu, akacheka. "Andika maelezo yako leo. Weka rekodi zote mbili pamoja, na uandike kwamba ya pili imepatikana pampu ikiwa imezimwa. Nitayasaini mwenyewe. Jumatatu mtawasha."

Sikumbuki nilimjibu nini. Namkumbuka Mjomba Duran akipiga huku amefumba macho, na wanawake wakitoka majumbani na maneno ya siku hamsini mdomoni, kila mmoja akiyasema yote kwa pamoja.

Ndipo basi dogo la sokoni lilipofika.

Bibi Saniye alishuka na kapu lake la pilipili, akaona kinu, nyundo, ngoma na mimi nimekaa chini uso umelowa. Alielewa vibaya, nani asingeelewa vibaya? Alikuja moja kwa moja kwa ndugu yake, fimbo juu.

"Duran! Nilikuambia nini? Umemuua huyu mtoto wa watu! Umemmwagia kazi yake yote!"

"Dada, ngoja..."

"Mzee mzima huna haya! Masharubu kama ufagio, ndani mtupu!"

"Bibi, amenisaidia," nikapaza sauti. "Amenisaidia! Nyekundu ilikuwa hii. Ilikuwa ngano. Ardhi haina shida yoyote. Jumatatu tunawasha pampu."

Fimbo ikabaki hewani. "Ilikuwa ngano?"

"Ngano, Bibi."

"Kwa hiyo huyu mpumbavu ndiye aliyeizima, na ndiye aliyeiwasha?"

"Ndivyo."

Akamgeukia Duran, akashusha fimbo. "Utakula mwisho," akamwambia, na Duran akapumua.

Kisha akafanya jambo ambalo hakulifikiria hata kidogo, alikuwa amelizoea. Alifika langoni kwake, akavua viatu vya mpira alivyovaa sokoni, akavipanga kando ya ile mitalawanda, akaanza kukanyaga kokoto za uwanja kwa soksi, akitanguliza ncha ya mguu. Soksi ya kushoto ilikuwa imetoboka kisiginoni, na kisigino kilikuwa na jeraha kavu. Nilikuwa nimepita kwenye kokoto hizo mara kumi na tano, na sasa tu ndipo nilipoona.

"Bibi, kwa nini unavua viatu uwanjani?"

"Si chombo chako kimo humu?"

"Lakini nilisema ni sikio. Kila mtu kanong'ona. Wewe ndiye pekee uliyevua viatu."

"Wewe ulisema sikio. Mimi nilisimama hapa ulipokuwa unakifukia. Nilipita na mitalawanda yangu, mistari kwenye kitabu chako cha umeme, kile unachokifungua magotini, ikaruka. Nikapita tena, ikaruka tena. Nikajua hicho hakisikii, hicho kinaguswa." Akainua mabega. "Nikawaambia wasitwange. Duran hakuuliza kwa nini, na mimi sikumweleza, nani ana muda wa kumweleza Duran?"

"Siku hamsini, Bibi. Kwa miguu hii."

"Soksi zilikuwa nzuri zilipoanza."

Bibi yule alikuwa amejua kazi yangu kuliko nilivyoieleza mimi mwenyewe. Aliinyima harusi ya mjukuu wake ngano yake, na akajinyima viatu vyake, bila kuniambia neno, kwa sababu alishasema mbele ya watu kwamba nichimbe kwake. Nami nilikuwa nimekuja siku ambayo hayupo ili nisimtazame usoni. Nilijawa na shukrani mpaka nikaona haya. Nikamfuata, nikakaa chini kando ya miguu yake alipotua kapu, nikamshika mkono, nikaubusu na kuugusisha kwenye paji la uso wangu kama tunavyowafanyia wazazi wetu.

"Bibi, nihalalishie. Haki yako yote iliyo juu yangu, nisamehe na unihalalishie."

"Nimekuhalalishia, mwanangu, ya dunia na ya akhera." Akanipapasa kichwa. "Na wewe utuhalalishie kelele tutakazopiga Jumamosi. Sasa inuka, umekaa kwenye pilipili zangu."

Ngano ya dukani aliwapa kuku. Ngano ya Ilyas ilimaliziwa kutwangwa Ijumaa, kwa ngoma na zumari, kijiji kizima kikiwa kimezunguka jiwe, na mimi pia nikapewa nyundo. Nilipiga mara tatu, ya nne nikapiga ukingo wa jiwe na mikono ikanifa ganzi, wananicheka mpaka leo. Usiku masufuria yalichemka. Jumamosi nilikula keşkek sahani tatu, na kila mwanamke aliyenihudumia aliniambia habari za mpwa wake ambaye bado hajaoa.

Saa kumi hivi ngoma ilihamia ndani ya uwanja. Nilikwenda langoni, nikaichukua ile mitalawanda, nikaifuta vumbi kwa kitambaa changu cha kichwani, nikaipeleka hadi kwenye kiti alipokaa Bibi Saniye. Nikapiga magoti, nikamvisha mmoja, kisha wa pili.

"Una uhakika?" akaniuliza. Alikuwa bado ananong'ona. Tabia ya kijiji ilikuwa imemkaa.

"Nina uhakika, Bibi."

Akasimama. Akapiga mguu chini kujaribu, ko, akatabasamu kwa meno yake matano. Mjomba Duran alimwona, akabadilisha pigo pale pale, na dada yake akafungua mikono na kuingia katikati, na watu wote wakampisha.

Simu yangu ikalia. Nikaziba sikio moja.

"Bi Nurten, samahani kwa kukusumbua Jumamosi," akasema Bwana Tahsin. "Namba sita inaonyesha njano. Ni ngano tena?"

"Hapana, Bwana Tahsin. Ngano imeshaliwa. Huyo ni mwenye uwanja. Amevaa viatu vyake."

Bila shaka ngoma ilimfikia.

"Mwambie asivivue tena," akasema.